Urani, radiamu au poloni: klabu ya sayansi ya Tabora ichague ipi?

Mwaka jana klabu yetu ya sayansi ilikaa chini ya mwembe, kama kawaida yetu hapa Tabora, kuchagua mada ya maonesho ya shule. Vijana wa kidato cha tatu na cha nne walikubaliana upesi kwamba wataeleza elementi nururifu, yaani zile ambazo kiini cha atomi yake hakitulii: huvunjika chenyewe na kutoa mionzi. Umoja ukaishia hapo. Kundi kubwa likataka urani. Kundi dogo likataka radiamu. Binti mmoja, mtoto wa mkulima wa tumbaku, akasema poloni, na wenzake wengi walikuwa hawajawahi kulisikia jina hilo.

Walibishana Jumamosi mbili. Nikaona heri niyaandike yale tuliyoyapima, maana najua shule nyingine zitafika kwenye njia panda hiyohiyo. Ulinganisho huu ni wa mwalimu mwenzangu na mwanafunzi anayetaka kuchagua elementi ya kusimulia. Hauhusu kushika wala kununua chochote. Kwa kazi ya shule hatuhitaji hata chembe moja ya vitu hivi, na kuvimiliki bila kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu ni kosa kisheria.

Neno moja kabla sijaendelea. Vitabu vingine vya Kiswahili huandika "radi" kwa elementi ile ya pili. Mimi naandika radiamu, kwa sababu Tabora tuna radi za kutosha kila mvua za Novemba zinapoanza, na mwanafunzi akisikia "radi huvunjika" atafikiria anga.

Wote ni ukoo mmoja

Kosa la kwanza la vijana wangu lilikuwa kudhani wanachagua kati ya vitu vitatu visivyojuana. Sivyo. Hawa ni ndugu wa damu, na Kiswahili kimejaliwa maneno ya kuonyesha udugu huo.

Kiini cha urani-238 (namba hiyo huonyesha uzito wa kiini) kinapovunjika hakipotei, huzaa kiini kingine. Mtoto wake ni thori-234. Thori huyo anazaa protaktini-234, ambaye ni mjukuu wa urani. Mjukuu anazaa kitukuu, na hapa nilitulia kidogo ubaoni, kwa sababu kitukuu huyo amepewa jina la mzee: ni urani tena, urani-234, mwepesi kidogo kuliko babu wa ukoo. Kitukuu anazaa kilembwe, thori-230. Na kilembwe anazaa kinying'inya, au kining'ina kama wengine wanavyotamka. Huyo ndiye radiamu-226.

Watoto wetu wanasoma fizikia kwa Kiingereza. Lugha ile ikishamtaja mjukuu haina jina jipya tena, hurudia neno la "mkuu" mara moja, mara mbili, mara tatu, hadi msikilizaji apotee hesabu. Sisi tuna jina la kila kizazi mpaka kumfikia radiamu kamili. Siku nilipouandika ukoo huu ubaoni kwa Kiswahili, wanafunzi waliokuwa wamekariri mnyororo wa mvunjiko kwa mwaka mzima waliuona kwa mara ya kwanza.

Baada ya radiamu anazaliwa radoni, ambaye ni gesi, na hilo lina maana kubwa tutakayoiona tukifika kwenye tumbaku. Poloni-210 anakuja mbali zaidi, kizazi cha 13. Yeye anazaa risasi-206, ile metali ya risasi, na risasi huyo hana mionzi. Ukoo unaishia hapo.

Saa za watu watatu

Sifa inayotofautisha elementi hizi kuliko zote ni nusumaisha, yaani muda ambao nusu ya viini vilivyopo huwa vimeshavunjika. Tulitumia maharage. Chukua punje 100, paka wino upande mmoja wa kila punje, zitie kwenye kopo, tikisa, mwaga mezani. Zilizoangukia upande wa wino zitoe: hizo zimevunjika. Zitabaki kama 50. Rudisha koponi, tikisa tena. Zitabaki kama 25, kisha 12 au 13, kisha 6. Huwezi kujua ni punje ipi itatoka safari hii, lakini idadi ya zitakazotoka unaweza kuikadiria vizuri. Hivyo ndivyo atomi zinavyofanya.

Sasa jiulize, kila unapomwaga kopo umepita muda gani?

Kwa urani-238, ni miaka bilioni 4.47. Dunia yenyewe ina umri wa takribani bilioni 4.54. Kwa hiyo tangu dunia iumbike, kopo la urani limemwagwa mara moja tu. Nusu ya urani-238 iliyokuwapo mwanzoni bado ipo ardhini. Ni jambo la kustaajabisha, na ndiyo faida kubwa ya urani kwa mwenye kupenda jiolojia: ni saa ya kupimia umri wa miamba.

Kwa radiamu-226, ni miaka 1,600. Hii nayo inamzidi binadamu, ila historia inaweza kuishika. Pale Kwihara, nje kidogo ya mji wetu, lipo tembe alimoishi Livingstone hadi alipoondoka Agosti 1872. Tuseme angeacha gramu moja ya radiamu mle ndani. Leo, zaidi ya miaka 150 baadaye, tungekuta bado kama gramu 0.94. Vijana walipopiga hesabu hiyo wenyewe walielewa kwa nini uchafu wa radiamu ni mzigo wa vizazi.

Kwa poloni-210, ni siku 138. Hapa yule binti alishinda hoja ya kwanza bila kupaza sauti. Kopo likimwagwa mara kumi, zimepita siku 1,380. Mwanafunzi anayeingia kidato cha kwanza Januari atakuwa Oktoba ya kidato cha nne, mtihani wa taifa ukiwa mlangoni. Gramu moja ya poloni ya siku ya kuripoti shule itakuwa imebaki chini ya miligramu moja. Elementi hii huzeeka na kuisha ndani ya maisha ya shule. Mwanafunzi anaweza kuchora mstari wake siku kwa siku kwenye daftari, jambo ambalo urani haimruhusu kabisa.

Saa fupi maana yake ni ukali. Gramu moja ya urani-238 huvunja viini vipatavyo 12,400 kila sekunde. Ni vingi masikioni, lakini linganisha: gramu moja ya radiamu huvunja kama bilioni 37 kwa sekunde, karibu mara milioni tatu zaidi. Poloni-210 hufika trilioni 166. Gramu yake moja hutoa joto la wati 140, zaidi ya balbu ile ya zamani ya wati 100, na Warusi waliitumia kulipasha joto gari lao Lunokhod 1 lililotembea mwezini mwaka 1970 na 1971. Usiku wa mwezini ni wa majuma mawili na baridi yake ni kali mno.

Ninyi mnaochagua kwa kigezo cha hesabu peke yake, poloni ndiyo yenu. Sina shaka juu ya hilo.

Kisa cha kugunduliwa

Hapa mizani inageuka.

Urani ina kisa kirefu zaidi na kimekatika vipande. Martin Heinrich Klaproth aliitambua Berlin mwaka 1789 kwenye jiwe jeusi zito liitwalo pichiblendi, akaipa jina la sayari Uranus iliyokuwa imegunduliwa miaka minane kabla. Alichokipata hakikuwa metali yenyewe. Metali ilitengwa na Eugène Péligot mwaka 1841. Kwa miaka mingi watu waliitumia kutia rangi ya manjano na kijani kwenye vioo bila kujua ina nini ndani. Mwaka 1896, Paris, Henri Becquerel aliweka chumvi ya urani juu ya bamba la picha lililofungwa kwa karatasi nyeusi. Alidhani chumvi inahitaji jua kwanza. Mawingu yakatanda siku kadhaa, akavitia vyote mtoto wa meza, kisha akaamua kulisafisha bamba hilohilo ili picha itokee. Alama za chumvi zilikuwa zimetokea wazi. Jua halikuhusika, mionzi ilitoka kwenye urani yenyewe. Ni tukio zuri la kuigiza jukwaani, linahitaji droo, karatasi nyeusi na mwanafunzi mmoja mwenye subira.

Lakini anayetaka kisa cha jasho amfuate Marie Curie, na hapo atawapata radiamu na poloni pamoja.

Alizaliwa Maria Sklodowska huko Warsaw mwaka 1867, wakati Poland haikuwapo kwenye ramani. Ilikuwa imegawanywa baina ya Urusi, Prussia na Austria. Paris, akitumia kipimo cha umeme kilichobuniwa na mumewe Pierre na shemeji yake Jacques, aligundua kwamba pichiblendi hutoa mionzi mikali kuliko urani iliyomo ndani yake. Akawaza: basi kuna kitu kingine humu. Julai 1898 yeye na Pierre wakatangaza elementi mpya iliyofuatana na metali ya bismuthi kwenye uchambuzi wao. Wakaiita poloni, kwa heshima ya nchi isiyo na dola. Katika kichwa cha taarifa hiyohiyo ndimo lilimotokea kwa mara ya kwanza neno lao la unururifu. Mwezi Desemba, wakiwa na Gustave Bémont, wakatangaza ya pili, iliyofuatana na metali ya bari: radiamu.

Kutangaza hakukutosha. Wanakemia walitaka waione. Marie akaingia kwenye banda lililovuja mvua, akachemsha tani kadhaa za makapi ya pichiblendi, akikoroga kwa pondo la chuma lenye urefu karibu sawa na wake. Mpishi yeyote wa shuleni aliyesonga ugali wa watu mia tano anaujua uchovu ule. Mwaka 1902 alikuwa na desigramu moja ya kloridi ya radiamu, sehemu ya kumi ya gramu. Ukitaka kujua kwa nini kidogo hivyo, rudi kwenye ukoo: katika madini ya kale, tani tatu za urani hubeba gramu moja tu ya radiamu. Poloni ni haba zaidi. Kwa tani nzima ya urani haifiki hata sehemu ya kumi ya miligramu, na ilikuwa ikiwaponyoka kwa sababu ilizidi kupungua huku wakiitafuta. Siku 138 hazimsubiri mtu.

Radiamu ina pia upande wa msiba, na ningewasihi wanafunzi wasiuruke. Kikemia ni ndugu wa kalisi inayojenga mifupa, zimo safu moja kwenye jedwali la elementi. Mwili ukiipata huipeleka kwenye mifupa. Miaka ya 1910 na 1920 nchini Marekani wasichana waliajiriwa kupaka rangi ya radiamu inayong'aa kwenye nyuso za saa. Walifundishwa kuchonga ncha ya brashi kwa midomo yao. Taya zao zilioza, wengi walikufa wangali vijana, na kesi waliyoifungua imebaki somo kwa haki za wafanyakazi. Mifupa yao ilidhani ni kalisi. Sentensi hiyo, ikisemwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu mbele ya wazazi, inafundisha safu ya pili ya jedwali kuliko zoezi lolote nililowahi kutoa.

Upande wa pili, radiamu ilisaidia kufungua mlango wa tiba ya saratani kwa mionzi. Hospitali siku hizi zimeiacha kwa kazi ile na kutumia vyanzo vingine, lakini mgonjwa wetu anayesafirishwa kutoka Tabora hadi Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, anatibiwa kwa elimu iliyoanzia kwenye banda lile. Kwa kisa, basi, radiamu inashinda. Poloni ni ya pili, urani ya tatu.

Kipi kinatuhusu hapa

Waliotaka urani walikuwa na hoja nzuri. Ukipanda treni Tabora kuelekea Dodoma utapita Manyoni, kisha Bahi, na sehemu zote mbili zimefanyiwa utafiti wa urani. Mradi mkubwa zaidi nchini ni wa Mto Mkuju, Namtumbo, mkoani Ruvuma. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kusini-magharibi huko Katanga, upo mgodi wa Shinkolobwe, uliotoa radiamu ya kuuzwa dunia nzima miaka ya 1920, kisha urani ya mabomu ya 1945. Na huko Oklo, Gabon, wanasayansi waligundua mwaka 1972 kwamba miaka kama bilioni mbili iliyopita urani ilijiwasha yenyewe ardhini, ikafanya kazi ya kinu cha nyuklia bila mkono wa mtu. Afrika imo ndani ya habari hii tangu kabla ya kuwapo binadamu.

Udhaifu wa urani nimeushuhudia. Kundi la mwaka uliotangulia liliichagua, ubao wao ukajaa mabomu na bei ya madini, na mgeni alipowauliza nusumaisha ni nini wakanyamaza. Nilipaswa kuliona hilo mapema. Urani huvuta watu kwenye siasa na fedha kabla hawajaelewa kiini. Kwa klabu ya midahalo ni mada bora, hasa kidato cha tano na sita. Ikichaguliwa, mwalimu awabane waanze na maharage.

Poloni nayo? Yule binti alisimama na jani la tumbaku mkononi.

Jani la tumbaku lina vinyweleo vyenye utomvu, kila aliyewahi kuchuma anajua mikono inavyonata. Ardhi yoyote ina urani kidogo, kwa hiyo ina radiamu kidogo, na radiamu huzaa radoni, gesi inayopanda hewani. Watoto wa radoni hushuka na vumbi, wengine wakinasa kwenye utomvu ule. Sehemu nyingine huingia kwa mizizi na kwa mbolea ya fosfati. Miongoni mwao ni risasi-210, yenye nusumaisha ya miaka 22, ambayo huendelea kumzaa poloni polepole hata jani likiwa limeshatoka kwenye bani, yaani banda la kukaushia tumbaku. Tangu mwaka 1964 inajulikana kwamba poloni-210 imo kwenye moshi wa sigara. Kiasi chake kwa sigara moja ni milibekereli 10 hadi 20, maana yake kama kiini kimoja kuvunjika kila dakika. Ni kidogo. Vyakula tunavyokula navyo vina poloni kidogo. Tofauti ni kwamba moshi huipeleka kwenye njia panda za mirija ya mapafu, ikatua palepale, siku baada ya siku, pamoja na sumu nyingine za moshi.

Jumatatu iliyofuata baba yake alikuja shuleni kwa baiskeli. "Mwangaluka, mwalimu." "Mwangaluka, baba." Akasema bintiye amemwambia kwenye tumbaku yake kuna atomu, naye ameilima miaka ishirini na ndiyo inayolipa shule. Nilimweleza kwamba mionzi ya poloni ni ya alfa, haivuki hata karatasi, wala ngozi haipenyi. Hatari yake ni kuvutwa au kumezwa. Kwa hiyo kushika jani hakumdhuru kwa upande wa poloni. Nikamwongezea, kwa kuwa ni haki yake kujua, kwamba nikotini ya jani bichi lililolowa hupenya ngozi, hilo ni jambo jingine, na glavu husaidia. Alisikiliza, akauliza kama mtoto wake ataaibisha wakulima mbele ya watu. Nikamwahidi kwamba ubao utasema "moshi" na hautasema "mkulima". Tuliitimiza ahadi hiyo.

Kwa shule yenye wanafunzi wa Urambo, Kaliua au Sikonge, wilaya zetu za tumbaku, hakuna elementi iliyo karibu nao kuliko poloni. Ila inadai mwalimu aliye tayari kukaa na wazazi. Kama huna nafasi hiyo, chukua radiamu, hutajuta.

Tulivyoamua, na unavyoweza kuamua

Klabu changa, ya kidato cha kwanza na cha pili, ichukue radiamu. Kisa kitawabeba, na ugumu wa hesabu hautawaangusha. Wanaojiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne wachukue poloni, wapate mazoezi ya nusumaisha yanayoishia ndani ya kalenda wanayoijua. Waliokwisha shika msingi, wanaotaka kubishana juu ya umeme, migodi na silaha, hao urani inawafaa.

Chochote mtakachochagua, msiende kuokota mawe ya mfano, wala msifungue chuma kizito chenye umbo geni mtakachokikuta kwenye vyuma chakavu. Huko Goiânia, Brazili, mwaka 1987, watu walifungua kifaa cha tiba kilichoachwa kwenye jengo tupu, wakakuta unga wa sizi-137, elementi nyingine nururifu, unaong'aa kwa rangi ya buluu. Waliugawana kwa majirani kama pambo. Watu wanne walikufa, mmoja wao mtoto wa miaka sita. Wasimulieni wadogo zenu kisa hiki kwa utaratibu, bila kuwatisha, na muwaambie alama ya mionzi inafananaje.

Sisi tulikwenda na poloni, ila tuliuchora ukoo wote kwenye karatasi ndefu, kuanzia urani juu hadi risasi chini. Kopo la maharage liliwekwa kulia, jani la tumbaku kushoto. Siku ya maonesho yule mzee alikuja amevaa koti. Alisimama mbele ya karatasi, akafuata mstari kwa kidole, mtoto, mjukuu, kitukuu, kilembwe, akasita kwa kinying'inya, akashuka tena mpaka chini kabisa.

"Na huyu risasi," akamuuliza bintiye, "yeye hana mtoto?"

"Hana, baba. Huyo ametulia."

Akaomba kopo, akalitikisa mwenyewe, akamwaga maharage mezani na kuanza kuhesabu.